Milimita tatu za ziada: kisa cha mshipa bandia wa mzee wa Wete

Mgonjwa ni mzee wa Wete, Pemba, mkulima wa karafuu. Miaka minne nyuma alipelekwa India kwa sababu aota yake, ule mshipa mkuu wa damu unaopita tumboni mbele ya uti wa mgongo, ilikuwa imetanuka mno na madaktari walihofia ingepasuka. Kule aliwekewa mshipa bandia wa kitambaa wenye miguu miwili. Kiwiliwili cha mshipa huo kilishonwa kwenye aota chini ya mishipa ya figo, na miguu ikateremshwa mpaka kinenani, kila mmoja ukashonwa kwenye mshipa wa paja. Alirudi, akapona, akaendelea na shamba lake.

Mwaka huu alipimwa altrasaundi ya tumbo kwa tatizo la mkojo. Kwenye karatasi ya majibu kukaandikwa sentensi moja ya pembeni: mshipa bandia una kipenyo cha milimita 21. Kijana wake, aliyekuwa ameitunza kadi ya mshipa ule ndani ya paspoti ya baba yake, akalinganisha. Kadi ilisema poliesta ya kufumwa kwa vitanzi, iliyopakwa kolajeni (aina ya protini), milimita 18 kwa 9. Namba ya kwanza ni ya kiwiliwili, ya pili ni ya kila mguu. Milimita tatu hizo zikaitia nyumba nzima hofu. Mshipa wa mwanzo ulitanuka ndiyo ukabadilishwa, na sasa huu uliowekwa badala yake nao unatanuka! Mzee akazuiwa kwenda shamba, akazuiwa kubeba hata ndoo ya maji, akawa anaswali nyumbani. Akakaa hivyo barazani kwa wiki kadhaa mpaka karatasi zilipovuka bahari kuja Unguja.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, sitibu mtu. Daktari wa upasuaji aliyeletewa karatasi hizo aliniuliza swali la kihandisi: je, kitambaa cha aina hii kinaweza kutanuka kiasi hiki na bado kikawa kizima? Kijana, aliyekuja na baba yake kwa boti, aliniuliza lilelile kwa lugha yake: "Fundi, hichi kitu kinapasuka lini?" Mzee mwenyewe alikuwa na swali bora kuliko sisi sote. "Mwanangu, mimi nataka kujua moja tu. Nikae nisubiri kufa, au niende shamba?"

Kwanza kitambaa chenyewe. Chukua kanga, uivute kwa upana: haikupi kitu, kwa sababu nyuzi zake ni za mtande na mshindio, zimepishana zikiwa zimenyooka, na ukizivuta unauvuta uzi wenyewe. Kisha chukua fulana, uivute vivyo hivyo. Inakuja. Uzi wa fulana unaweza kuwa na nguvu sawa na wa kanga, lakini umefumwa kwa vitanzi, na kitanzi hubadilisha umbo kabla uzi haujaanza kuhisi mzigo. Mishipa bandia ya poliesta hutengenezwa kwa njia zote mbili. Ile ya mtande na mshindio huvuja kidogo na hushika kipenyo chake, ndiyo maana hupendwa kwa aota ya kifuani. Ile ya vitanzi ni laini, sindano huipita bila shida, ukingo wake haufumuki ovyo ukikatwa, na tishu za mwili huingia vizuri katikati ya vitanzi. Hasara zake ni mbili, kuvuja na kutanuka. Kuvuja kumetatuliwa kwa kupaka kolajeni au jelatini, ambayo mwili huila taratibu wakati tishu zake zikichukua nafasi. Kutanuka hakujaondoka. Kumepunguzwa tu, hasa pale watengenezaji walipoacha ufumaji wa mtindo wa fulana, ambao uzi mmoja unazunguka mshipa, wakahamia ufumaji ambao nyuzi nyingi zinakwenda kwa urefu na kushikana zigizaga. Katika ufumaji huo wa pili uzi mmoja ukikatika vitanzi havifunguki mstari mzima, jambo ambalo kila aliyewahi kuvaa soksi iliyochanika analijua.

Hakuna jipya katika haya. Arthur Voorhees, daktari wa upasuaji wa Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ya mirija ya kitambaa cha Vinyon-N, uzi wa kutengenezwa kiwandani, kwa mbwa mwaka 1952. Muda mfupi baadaye daktari mwingine wa upasuaji, Michael DeBakey, huko Houston, alishona mirija ya Dacron, yaani poliesta, kwa cherehani ya mkewe. Nailoni ilijaribiwa ikaachwa kwa sababu hupoteza nguvu ikikaa mwilini, poliesta ilibaki. Na tangu altrasaundi ilipoanza kutumika kuwafuatilia wagonjwa, katika miaka ya 1970, imeandikwa mara nyingi kwamba mshipa bandia wa vitanzi hupanuka kwa asilimia kama 10 hadi 20 kuliko kipenyo cha kwenye lebo, na sehemu kubwa ya upanuzi huo hutokea mapema, damu inaporuhusiwa kupita. Daktari alilijua hilo kwa kulisoma. Alichotaka ni kuliona, na kuwaonyesha watu wawili waliokuwa wamekaa mbele yake wakiwa na karatasi yenye namba 21.

Stoo tulikuwa na mishipa bandia ya msaada iliyopita muda wake wa matumizi. Haiwezi kuwekwa kwa mtu, ila ni mali kubwa kwa kufundishia. Haikuwa ya kampuni ileile ya kwenye kadi, lakini ilikuwa ya kundi lilelile: poliesta ya vitanzi, imepakwa, ina marinda. Kila mshipa wa aina hii una marinda yaliyobanwa kwa joto ili usijikunje na kuziba ukipinda. Mashine ya kuvutia tuliipata kwenye karakana ya chuo kimoja hapa Unguja, inayotumika kupima kamba za kilimo cha mwani.

Hapo ikabidi kwanza kupiga hesabu, na ningemsihi yeyote atakayefanya kazi hii aianze hivyo, kabla hajagusa mashine. Damu inasukuma ukuta wa mshipa kwa nje. Ukikata pete ya mshipa, nguvu inayotaka kuipasua pete hiyo ni shinikizo mara kipenyo mara urefu wa pete. Shinikizo la milimita 120 za zebaki ni kilopaskali 16. Kwa kipenyo cha milimita 20 na pete ya urefu wa milimita 10, jibu ni nyutoni 3.2, sawa na kuning'iniza kitu cha gramu 326. Presha ikipanda mpaka 200, nguvu inafika nyutoni 5.3. Hizo ndizo nguvu anazoishi nazo mzee. Mashine ya kamba ina kipima nguvu cha maelfu ya nyutoni, na kwenye nyutoni tatu namba zake hazina maana yoyote. Kwa hiyo sehemu ile ya chini, ambayo ndiyo ya kisa chetu, tuliipima kwa pini mbili laini za chuma na chupa ya maji iliyopimwa kwenye mizani: pini moja imefungwa juu, nyingine imepitishwa ndani ya pete na kubeba chupa. Mashine tuliiachia kazi ya kukata.

Pete ya kwanza ilivutwa ikiwa kavu, jinsi ilivyotoka kwenye pakiti. Haikujali chupa hata kidogo. Kolajeni iliyokauka ilikuwa imeyagandisha marinda na vitanzi vyote, na aliyekuwa akitazama angeapa kwamba kitambaa hiki hakitanuki. Pete ya pili, kutoka mshipa uleule, ililowekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Chupa ileile ikaifungua mara moja: marinda yakalegea, vitanzi vikapanuka kwa upande, pete ikashuka, kisha ikasimama. Tulipoongeza maji kufikia mzigo wa presha ya 200, ilishuka kidogo tu zaidi. Tulipoitoa chupa, pete haikurudi yote ilikotoka. Ilibaki na upana fulani wa kudumu, na tulipoirudisha chupa ikaenda moja kwa moja mpaka pale iliposimama mwanzo.

Mzee aliliona hilo kabla sijalieleza. "Kwa hiyo imeshatanuka, basi. Haina pa kwenda tena."

Ndivyo. Vitanzi vikishafunguka, mzigo unafika kwenye nyuzi, na nyuzi za poliesta ni ngumu. Poliesta hii huanza kulainika karibu na nyuzi joto 70 za Selsiasi na kuyeyuka karibu na 260. Mwilini iko kwenye 37, mbali na ulaini wowote. Unywaji wake wa maji ni chini ya asilimia moja. Kinachobadilika siku za mwanzo ni mpangilio wa vitanzi. Uzi wenyewe bado ni uleule. Tulipoipeleka pete kwenye mashine ya kamba ikatwe kabisa, ilikatika kwa nguvu iliyozidi nyutoni 3.2 kwa makumi ya mara.

Jambo moja lilitutesa nalo nataka lijulikane, kwa kuwa linaharibu vipimo vingi vya namna hii. Pete ya milimita 10 iliyokatwa marinda yakiwa yamelala ina kitambaa kingi zaidi kuliko pete ya milimita 10 iliyokatwa marinda yakiwa yamevutwa. Rula inasema ni sawa, lakini moja ina mistari mingi zaidi ya vitanzi inayogawana mzigo, na itaonekana imara kuliko mwenzake bila sababu. Tuliacha rula tukahesabu mistari ya vitanzi kwa kioo cha kukuzia. Tangu hapo pete zikaanza kukubaliana.

Pete peke yake hata hivyo si mrija. Ikivutwa kwa pini inakuwa bapa, na mshipa mzima unapopanuka kwa upana hujaribu pia kujifupisha kwa urefu, kitu ambacho pete haiwezi kukuonyesha. Kwa hiyo tulichukua kipande kirefu, tukakiloweka, tukakipitishia ndani mpira mwembamba sana ili kisivuje, tukakifunga ncha zote mbili na kukiunganisha na bomba la maji lililosimama. Shinikizo la 120 ni kimo cha maji cha mita 1.63, la 200 ni mita 2.72, kwa hiyo ngazi za karakana zilitosha. Kipenyo cha nje kilipimwa kwa kalipa kabla ya maji, maji yalipopanda, na tena baada ya muda. Kilipanuka kwa kasi dakika za mwanzo, kikapunguza mwendo, kikatulia. Kukipandisha kutoka 120 mpaka 200 kulibadilisha kidogo sana. Hii inalingana na kinachojulikana: mshipa halisi wa mtu hutanuka kwa karibu asilimia 6 kwa kila milimita 100 za zebaki, na poliesta iliyokwisha kutulia kwa karibu asilimia 2 tu.

Sasa rudi kwenye namba 21. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7198, kilichotoka mara ya kwanza 1998 na kurekebishwa 2016, kinatofautisha kipenyo cha ndani cha mshipa uliolegea na kipenyo cha ndani cha mshipa wenye shinikizo. Namba 18 ya kwenye kadi ni ya mshipa uliolegea, ndani. Namba 21 ilichukuliwa kutoka nje hadi nje, kwa mtu hai mwenye presha. Ukuta wa kitambaa cha aina hii ni kama nusu milimita au zaidi kidogo, na upo pande mbili, achilia mbali tishu zilizouzunguka. Ondoa walau milimita moja: ndani inabaki 20. Kutoka 18 hadi 20 ni asilimia 11. Mshipa wa mzee umefanya kile ambacho kitambaa chake kilitarajiwa kufanya, na yaelekea ulifanya hivyo wiki ileile aliyofanyiwa upasuaji, miaka minne kabla ya mtu yeyote kuupima.

Nasema yaelekea kwa makusudi. Namba moja haina mwendo. Kama angepimwa miezi michache baada ya kurudi, na kukaandikwa 21, leo kusingekuwa na kisa. Hakupimwa. Na mishipa bandia ya vitanzi haina kinga ya kuchakaa. Wachunguzi wa GEPROVAS, kikundi cha utafiti wa mishipa bandia huko Strasbourg, Ufaransa, wamechunguza mishipa mingi iliyotolewa mwilini baada ya miaka mingi na kukuta kwenye baadhi ya ile ya zamani mipasuko inayofuata mstari wa mwongozo, ule mstari mweusi unaomsaidia daktari asiusokote mshipa, au mstari wa kuungia kitambaa. Uchakavu wa namna hiyo hautanui mrija sawasawa pande zote. Huutokeza upande mmoja. Pete yangu mpya, hata ikivutwa mara elfu, haiwezi kusema lolote kuhusu uzi uliopigwa na mapigo ya moyo milioni 37 kila mwaka. Kwa hiyo nilimwomba daktari jambo moja tu la vipimo: mshipa upimwe tena kuanzia juu mpaka mwisho, kwa kipenyo cha ndani, na umbo lake liandikwe kama ni la mviringo au lina upande uliotokeza.

Ilikuwa ni katika kusema "mpaka mwisho" ndipo kisa kilipogeuka.

Tulikuwa tumefanya jaribio la tatu, la mshono, kwa sababu liko kwenye kiwango na kwa sababu daktari alilitaka kwa wanafunzi wake. Uzi wa kushonea unapitishwa milimita 2 kutoka ukingo wa kitambaa, kisha unavutwa taratibu mpaka kitu kiachie. Kwenye kitambaa cha vitanzi ni jambo la kupendeza kulitazama: uzi hukusanya vitanzi vya jirani kuzunguka tundu, mzigo ukaenea, na ukingo ukashikilia kwa muda mrefu kuliko unavyotegemea. Tulijaribu kwa urefu, kwa upana, na kwa ukingo uliokatwa mshazari. Upande wa kitambaa ulikuwa salama kwa kiasi kikubwa kila mara. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akauliza: kama upande wa kitambaa hauachii, upande gani unaachia?

Mshono una pande mbili. Upande wa pili ni mshipa wa mtu mwenyewe, wenye umri wake na maradhi yake, unaopanuka kila pigo la moyo huku kitambaa kilichoshonwa nao kikipanuka theluthi tu ya hapo. Mishono ya kinenani inabeba mzigo zaidi, kwani nyonga hukunjwa kutwa nzima. Ikiachia, damu haimwagiki lazima. Hutengeneza mfuko pembeni ya mshono, ukuta wake ukiwa tishu tu. Huo ndio uvimbe wa uongo wa mshipa, na kinenani ndipo unapopatikana zaidi kwa watu wenye mshipa bandia wa miguu miwili, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji. Altrasaundi ya Pemba ilikuwa ya tumbo. Hakuna aliyeteremsha kipimo mpaka kinenani, na hakuna aliyeombwa afanye hivyo.

Daktari alimwendea mzee. "Baba, huku kinenani hakuna kitu kinachokusumbua?"

"Hapana. Mtoki tu, wa kushoto. Upo tangu mfungo uliopita."

"Unadunda?"

Mzee akaweka mkono, akatulia. "Ndio, unadunda."

Tezi ya kinenani iliyovimba haidundi. Altrasaundi ya siku ileile ilionyesha kiwiliwili cha mshipa ni cha mviringo, ndani ni 20 kuanzia juu mpaka kwenye njia panda, na miguu yote miwili imepanuka kwa uwiano uleule. Kinena cha kulia kilikuwa kizuri. Cha kushoto kilikuwa na mfuko wenye damu inayozunguka ndani, uliotoka penye mshono. Wiki zile zote familia ilikuwa ikiogopa sehemu iliyo salama kuliko zote, na mahali penye hatari walipaita mtoki, wakapakanda kwa mafuta ya karafuu. Hilo bado linaniuma, maana kumkanda mtu mfuko wa namna ile ni kucheza na maisha yake, na walifanya kwa mapenzi.

Alipelekwa Dar es Salaam. Walipofungua walikuta ukingo wa kitambaa mzima na uzi wa kushonea, wa polipropilini, bado umo ndani ya vitanzi vyake. Ukuta wa mshipa wa paja ndio uliokuwa umechanika na kuuachia. Maabara haikupata wadudu, jambo la muhimu sana, kwa sababu mshono ulioachia kwa uambukizo ni vita nyingine kabisa. Walikata sehemu dhaifu, wakaunga kipande kifupi cha mshipa bandia mpya, wakashona kwenye mshipa wa paja mahali palipo imara zaidi.

Yuko nyumbani. Anatembea, anakwenda msikitini, anasimamia uchumaji. Kupanda mkarafuu amekatazwa. Kwenye faili lake sasa kuna nakala ya kadi, vipenyo vya ndani vya sehemu tano, presha iliyosomwa wakati wa kupimwa, na tarehe, ili atakayepima baada ya miezi sita awe na kitu cha kulinganisha nacho. Fomu ya kuombea altrasaundi tunayoitumia imeongezwa mstari kwa kila aliyewekewa mshipa bandia unaofika mapajani: vinena vyote viwili vipimwe, kipenyo cha ndani na cha nje viandikwe mbalimbali, na mgonjwa aulizwe kama ana mtoki.